Mwani Uliopanda Mlima

1

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 2071, Sihaba Faki aliimba ofisini. Hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Mhudumu aliyekuwa anapita na ndoo yake alisimama mlangoni, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Alikuwa na haki ya kuimba. Kwa miaka minne, hapo katika Kituo cha Mlango wa Pemba mjini Tanga, alikuwa anamjenga Pacha. Hilo ndilo jina walilompa: bahari nyingine, iliyojengwa kwa hesabu ndani ya mashine, inayofanana na ile ya kweli baina ya kisiwa cha Pemba na bara, pamoja na hewa yote iliyo juu yake. Kituo kilikuwa na mfano mwingine wa zamani, wenye nusu mbili, ya maji na ya hewa. Kila alfajiri nusu ya maji iliiambia nusu ya hewa jinsi bahari ilivyopata joto, na nusu ya hewa ikajibu kuhusu upepo na jua. Baada ya hapo kila moja ilishika shughuli zake mpaka kesho.

Katika miezi ya kawaida utaratibu huo ulitosha. Lilipoingia wimbi la joto baharini, mfano ulipotea njia. Upepo ukilala, maji hayakorogwi, na tabaka la juu linabaki jembamba, likipashwa peke yake kama chai kwenye kisahani. Joto hilo linafukuza mawingu ya chini, mawingu yakiondoka jua linachoma zaidi, na maji yanazidi kuwaka. Maji na hewa vinajibizana saa kwa saa. "Majirani wakigombana hawaandikiani barua," Sihaba alizoea kuwaambia wageni, na ndiyo maana alikuwa ameziunganisha nusu zile mbili upya ziweze kusemezana kila baada ya dakika kumi.

Wimbi la joto lilikuwa limeingia wiki iliyopita. Maji ya mlango huo wa bahari yalikuwa yamefika nyuzi thelathini na moja na nusu na bado yalikuwa yanapanda. Kesho yake adhuhuri kituo kilipanga kutoa vyelezo, vyombo vyake vya kuelea. Vilikuwa arobaini, havina mabaharia, vinaendeshwa na jua, na kazi yake ni moja: kunyonya maji ya bahari na kuyapuliza juu kama ukungu mwembamba. Punje za chumvi katika ukungu huo huyafanya mawingu yawe meupe na mazito, yarudishe jua lilikotoka. Kwa miaka minne vyelezo vilikuwa vimeokoa mwani wa wakulima wa pwani na matumbawe yao. Sihaba alitakiwa tu kumuuliza Pacha vikae wapi.

Pacha alijibu vizuri. Vikikaa kaskazini, kwa mistari mitatu, bahari ingepoa kwa nyuzi moja na nusu ndani ya siku tisa. Mfano wa zamani haukuwahi kutoa jibu zuri namna hiyo. Hapo ndipo alipoimba.

Kisha, kwa kuwa alikuwa na furaha na muda, akafungua ukurasa ambao hakuna aliyemwomba aufungue. Ulikuwa ukurasa wa hewa ya bara, upande wa milima ya Usambara.

Wimbo ukakatika.

Alirudia hesabu. Akamwendesha Pacha mara hamsini, kila mara akibadilisha kidogo hali ya mwanzo, maana hakuna ajuaye bahari ilivyo hasa kwa kila tone. Alipokwenda kula chakula cha mchana mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Aliagiza wali na samaki, akala nusu, akarudi.

Bahari ikiachwa na joto lake, mara thelathini na saba kati ya hamsini mvuke ulipanda, ukasukumwa na upepo wa mchana kuelekea milimani, na masika yakaanza huko ndani ya siku kumi. Bahari ikipozwa, mara thelathini na nne mvua haikufika milimani kwa zaidi ya wiki tatu. Na wiki tatu, kwa mtu mwenye mbegu shambani, ni msimu mzima.

Sihaba aliegemea kiti. Akakumbuka kwamba mwaka sitini na nane masika yalichelewa milimani, na mwaka sitini na tisa pia, na kwamba miaka yote miwili vyelezo vilikuwa baharini. Hilo halikuthibitisha kitu. Mvua ilikuwa inachelewa tangu kabla vyelezo havijabuniwa. Lakini hakuweza tena kulisahau.

Akaanza kuona jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza. Ukurasa ule haukuwa sehemu ya ripoti. Vyelezo vingetoka kesho, bahari ingepoa, na watu wa milimani wangesema masika yamechelewa, kama walivyosema siku zote. Hakuna ambaye angemuuliza. Na huko Pemba, katika ghuba ya Kijimbwini, dada yake Mize angevuna.

Mize alimzidi miaka kumi na mitatu. Mama yao alipofariki, Mize ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa mwani, akawa anamwamsha alfajiri kwa mikono yenye harufu ya chumvi. Sasa alikuwa mwenyekiti wa wanawake sitini na wawili waliolima mwani mwekundu, aina iliyostahimili joto la miaka ya arobaini wakati nyingine zote zilipokufa. Haikuota popote duniani isipokuwa hapo Kijimbwini.

Sihaba alikaa na ukurasa ule mpaka saa tisa. Kisha akauchapa, akaupeleka kwa mkurugenzi kwa mikono yake mwenyewe, kwa haraka, kabla miguu haijabadili nia.

2

"Funga mlango," akasema Bwana Mdoe alipomaliza kusoma. Alikuwa mtu mnene, mpole, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. "Nani mwingine ameiona hii?"

"Wewe na mimi."

"Pacha ana umri gani?"

"Wiki sita tangu nimalize kumuunganisha."

"Wiki sita. Na unataka niiache bahari iungue kwa neno la mtoto wa wiki sita?"

"Nilimpa misimu kumi iliyopita bila kumwambia ilikwishaje," Sihaba akasema. "Misimu minane alipatia kuliko mfano wetu wa zamani. Miwili alikosea vibaya. Nimeiandika ukurasa wa nne."

Mdoe akaufunua ukurasa wa nne, akacheka kidogo. "Wengine wangeiandika ukurasa wa arobaini." Kisha uso ukawa mzito. "Daktari, makubaliano yetu ni na watu wa pwani. Watu wa milimani hawamo."

"Hawamo kwa sababu hatukujua kwamba tunawagusa. Sasa tunajua."

"Tunadhani."

"Tunadhani, saba kati ya kumi. Mkurugenzi, mtu akikuambia kwamba huenda umeegesha gari juu ya mguu wake, si utasogeza kwanza, halafu ndipo mbishane?"

Bwana Mdoe akasukuma kiti nyuma. Alisimama dirishani, akautazama uwanja ambao vyelezo vilipangwa kwa safu, vyeupe, vimeoshwa, tayari. Akauliza matumbawe yataweza kuvumilia muda gani.

"Wiki mbili. Yako chini, yana nafasi. Mwani hauna. Mwani utaanza kufa ndani ya siku sita, saba."

"Na mwani ni wa dada yako."

"Wa dada yangu na wenzake."

"Nitamtuma mtu mwingine akawaambie."

"Hapana," Sihaba akasema. "Nitakwenda mimi."

Mkurugenzi akampa siku nne. Kwa siku hizo vyelezo vingekaa uwanjani. Baada ya hapo, kama watu wa pwani na wa milimani hawajakubaliana jambo, angevitoa kama makubaliano yalivyosema. Sihaba aliondoka na karatasi yenye saini, akiwa mwepesi na mwenye hofu kwa wakati mmoja.

3

Maji yalikuwa yamekupwa alipofika Kijimbwini. Ghuba nzima ilikuwa wazi, vigingi vimesimama kwa mistari, kamba zimelala kwenye maji ya kufika katikati ya miundi, na wanawake wameinama kila mahali na mashuka yao yamefungwa kiunoni. Sihaba alivua viatu akaingia. Maji yalikuwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mize hakunyanyuka. Alikuwa ameshika shada la mwani, akaligeuza alionyeshe. Ncha mbili zilikuwa zimekuwa nyeupe kama kucha. "Zimeanza jana. Vyelezo vyenu vimekwama wapi? Tuliambiwa leo adhuhuri vitakuwa njiani."

Sihaba akamweleza. Alieleza hapo hapo ndani ya maji, bila mapambo: bahari, mvuke, milima, thelathini na nne kati ya hamsini. Mize alisikiliza akiendelea kukaza mafundo, na kadiri maneno yalivyozidi ndivyo mafundo yalivyozidi kukazwa.

"Yaani dawa ipo," akasema mwisho. "Iko uwanjani kwenu, imeoshwa. Na mwenye ufunguo ni wewe."

"Si mimi peke yangu."

"Ni wewe. Ungenyamaza, ingetoka." Sasa akanyanyuka, akamtazama mdogo wake uso kwa uso. Alikuwa amezeeka tangu Idi. "Hebu niambie. Kwa nini hukunyamaza?"

Njiani Sihaba alikuwa ameandaa majibu mengi, yote ya maana, yote yenye takwimu. Aliyaacha yote.

"Ningekuja kula kwako," akasema, "nikashindwa kumeza."

Mize akapumua kwa pua. Akaokota kigingi kilichong'oka, akakigongelea chini kwa jiwe, mara nne, kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Mwanamke wa mstari wa jirani aliuliza kuna nini. Mize akamjibu kwamba kuna maneno, wataambiwa wote maji yakianza kujaa.

"Hao watu wa milimani," akasema tena baadaye, sauti imeshuka. "Unamjua hata mmoja? Jina?"

"Simjui."

"Mimi pia. Basi twende." Akamkabidhi Sihaba kikapu. "Siwezi kuacha mwani wangu ufe kwa ajili ya mtu nisiyemjua uso. Nikimwona, nitajua la kusema. Shika hapo, usikiburute."

4

Kijiji cha Kwemvumo kiko juu ya Lushoto, mahali ambapo barabara inajipinda mpaka dereva anaiona namba ya gari lake mwenyewe, kama wenyeji wanavyotania. Mize hakuwahi kupanda mlima. Kona ya tano alinyamaza, ya kumi alifumba macho, na waliposhuka garini, ingawa jua lilikuwa la saa nne, alikuwa anatetemeka. Alijifunga kanga zote mbili alizokuja nazo na juu yake akavaa sweta ya dereva.

Aliyewapokea ni Eliwaza Shemhina, mwenyekiti wa wakulima wa viazi na mboga, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira na cheko la ghafla. Hakuwapeleka ofisini. Aliwapitisha kwanza shambani, wakaona matuta yaliyoinuliwa vizuri, marefu, makavu, udongo wake ukipeperuka kwa kila hatua. Halafu akawaingiza ghalani.

Lilikuwa ghala la mbegu. Viazi vilitandazwa kwenye rafu za mianzi kutoka chini mpaka juu, vyenye vichipukizi vifupi vya zambarau, na kuta zilikuwa za wavu ili mwanga na hewa baridi vipite. Wakulima kama ishirini walikuwa wamekaa kwenye makreti wakiwasubiri.

"Mbegu imeamka," Eliwaza akasema. "Inasubiri maji. Wiki mbili hizi tukipanda, tunakula. Zikipita, vichipukizi vinakatika. Haya, tuelezeni kilichowaleta kutoka baharini."

Sihaba akafungua kishikwambi chake, akamwonyesha Pacha. Alionyesha bahari yenye joto na mvuke unaopanda kuja upande wao. Akaonyesha bahari iliyopozwa, na anga lao tupu. Alitaja pia mara zile ambazo Pacha alikosea.

"Kwa hiyo mwaka wa sitini na tisa," Eliwaza akasema polepole, "mlikuwa mmetoa hivyo vyelezo."

"Tulivitoa."

"Mwaka ule tuliuza ng'ombe wote. Majani yalikwisha."

"Siwezi kusema ni sisi. Huenda ni sisi." Sihaba alihisi uso unamwaka. "Sikujua. Hatukuwa tunatazama upande huu."

Mzee mmoja nyuma akaguna kwa Kisambaa, wengine wakamwitikia. Eliwaza akainua kiganja kuwatuliza. Akamtazama Sihaba. "Asante kwa kuja kusema," akasema. "Wengi hawaji." Kisha akageuka. "Na wewe mama uliyejifunika kanga mbili? Wewe ndiye unayepoteza?"

Sihaba alitazamia dada yake angejitetea. Mize alikuwa msemaji mkali; alikuwa amewahi kumnyamazisha waziri. Lakini Mize alifunua tu kikapu chake. Ndani kulikuwa na beseni lenye mfuniko, na ndani ya beseni, katika maji ya bahari, kulikuwa na shada la mwani mwekundu, nene, linalong'aa. Akalipitisha mkono kwa mkono. Watu wakalinusa. Eliwaza akavunja kipande, akakitafuna, akakunja uso, akacheka.

"Kina chumvi kama machozi. Na hiki nacho kina mbegu?"

"Hicho chenyewe ndicho mbegu," Mize akasema. "Unakata kipande, unakifunga kwenye kamba, kinakuwa kingine. Hiki ulichokitafuna kilikatwa kutoka kwenye alichokata mama yangu. Kikifa chote, hakuna pa kwenda kukiomba."

Neno hilo liliwafikia. Wakulima wale walijua mbegu. Mtu mmoja aliuliza kama hupandwa kwa msimu, mwingine akauliza hushambuliwa na nini, na kwa muda mfupi Sihaba alisahaulika kabisa pembeni na kishikwambi chake.

"Mazao ni jambo jingine," Eliwaza akasema akifikiri. "Mazao yakipotea, mwaka unakuwa mbaya. Mbegu ikipotea, umekwisha. Ndiyo maana sisi tunazileta humu, kwenye baridi. Yako ikitolewa baharini inakufa?"

"Ikitolewa kwenye maji ya chumvi, inakufa. Ikikaa ndani ya maji yanayochezeshwa, yenye mwanga, yasiyo na joto..." Mize akazitazama zile kuta za wavu. Akatazama mwanga uliomwagika rafuni. Akauvuta mkono kutoka ndani ya kanga, akauweka hewani kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Sihaba," akasema. "Humu mna nyuzi ngapi?"

"Kumi na nane. Lakini kwenye ukuta huu wa mashariki, tukipanga mapipa ya mwani yapigwe na jua la asubuhi, maji yatafika ishirini na nne." Sihaba alikuwa ameshaanza kuandika. "Inatosha. Zaidi ya kutosha. Tutahitaji pampu za hewa, na lori la maji ya bahari kila wiki."

"Rafu za upande huo zinahamishika," Eliwaza akasema. "Na baridi tunayo ya kuazimisha."

Watu wakacheka. Mize hakucheka bado.

"Nani atailinda? Si viazi hivi. Unalala, unaamka, imeoza."

"Wewe. Kuna kitanda. Blanketi nitakupa tatu."

Jambo halikwisha hapo, kwa sababu Mize alikataa kuwaamulia wenzake. Alitoka nje, akawapigia simu Kijimbwini, akaongea akizunguka ghala kwa saa nzima na nusu, wakati mwingine akifoka, wakati mwingine akisikiliza tu. Sihaba alimwona kupitia wavu. Kuokoa mbegu hakukuwa kuokoa mavuno; kamba zote zilizobaki ghubani zingekuwa nyeupe kabla ya wiki kwisha, na miezi miwili ya migongo iliyoinama ingekwenda na maji. Aliporudi alisema wanawake hamsini na watatu wamekubali, tisa wamekataa, na mmoja kati ya hao tisa amesema hatamsalimia Sihaba mpaka kiama.

"Ni nani?" Sihaba akauliza.

"Shangazi Bimtumwa."

"Atanisalimia Idi."

"Labda," Mize akasema. "Usimtazamie sana."

5

Siku ya nne magari mawili yalipanda mlima na mapipa kumi na mawili. Bwana Mdoe aliandika amri ya kuviacha vyelezo uwanjani, akatia saini, na chini yake akaandika kwa mkono kwamba lawama yoyote iletwe kwake, kwa kuwa yeye ndiye anayestaafu.

Maji ya mlango yakafika nyuzi thelathini na mbili. Siku ya sita tangu vyelezo vizuiliwe, mwani wa Kijimbwini ukaanza kukatika wenyewe na kuelea. Sihaba alikwenda, ingawa hakuna aliyemwita, akaungana na wanawake kuzitoa kamba. Shangazi Bimtumwa alifanya kazi mstari wa pili yake kutwa nzima na hakumtazama. Sihaba alikubali. Jioni aliogea maji ya kisima, akalala nyumbani kwa dada yake katika kitanda kitupu cha dada yake.

Siku ya nane milimani hakukuwa na wingu. Siku ya tisa hivyo hivyo. Siku ya kumi, ambayo Pacha alikuwa ameitaja kwa uhakika kuliko zote, mawingu yalipanda mchana kama minara, yakasimama juu ya mabonde, yakatawanyika bila kudondosha hata tone. Sihaba aliyafuatilia kwenye kioo akiwa Tanga, amekunja ngumi. Alifikiria zile mara kumi na tatu kati ya hamsini. Mtu anaweza kufanya jambo la haki na likamwendea vibaya. Bwana Mdoe alimletea chai mwenyewe, akaiweka mezani, akatoka.

Siku ya kumi na moja, saa nane na nusu mchana, simu ililia. Ilikuwa Mize. Sihaba alisikia kelele kubwa, kama gari la mchanga linamwagwa juu ya bati, na ndani ya kelele hiyo sauti ya dada yake ikipiga ukelele.

"Dada? Sikusikii! Mbegu imepata nini?"

"...imeanza!" Mize alikuwa akisema. "Imeanza, Siha! Bonde lote silioni! Watu wamo mashambani na mvua yote hii, wana wazimu hawa, wanapanda! Ngoja, ngoja..." Simu ikagonga kitu. Eliwaza akaja hewani, anahema.

"Mwambie Pacha wako amechelewa siku moja," akasema. "Tumemsamehe."

Sihaba aliandika kwenye daftari la kituo: mvua, siku ya kumi na moja, Pacha alikadiria kumi. Kisha akatoka uwanjani, akakaa kwenye kivuli cha chelezo, akalia kidogo, akajifuta kwa ushungi, akarudi kazini. Kulikuwa na hesabu ya kufanya. Mvua ikishashika, bahari ingeweza kupozwa kwa siku chache ili matumbawe yapumue, na Pacha sasa alitazama pande zote mbili. Vyelezo vilitoka baada ya siku tatu, kumi na sita tu kati ya arobaini. Mwezi wa Aprili upepo wa kusi ulipoanza kuvuma na kuyakoroga maji, vikarudishwa.

Mbegu ilikaa milimani siku arobaini na moja. Pipa moja liliharibika, pampu ilipokufa na Mize akiwa amelala chini ya blanketi zake tatu. Kwa hilo alijilaumu hadi Eliwaza alipomwambia kwamba hata viazi huoza. Mapipa kumi na moja yalishuka mlima yakiwa mazima. Kamati ya Kwemvumo, ambayo sasa ilikuwa na viti viwili kwenye makubaliano mapya ya mlango, ilimtuma mjumbe wake afuatane nayo ashuhudie. Mjumbe alikuwa Eliwaza. Hakuwahi kuiona bahari kwa karibu.

Siku ya kupanda, maji yakiwa yamekupwa, wanawake wa Kijimbwini walijipanga mistarini. Vipande vya mwani vilipitishwa, vikafungwa, kamba zikavutwa. Shangazi Bimtumwa alimwambia Sihaba, bila kumsalimia, kwamba fundo lake limelegea. Sihaba akalikaza.

Eliwaza alibaki ufukweni, suruali ameikunja, viatu vya mpira mkononi. Mize alimfuata, akamshika mkono kama bibi harusi, akamwongoza. Hatua ya kwanza Eliwaza alipiga kelele kwa sababu ya kaa. Hatua ya pili alipiga kelele bila sababu. Maji yalipomfika magotini alisimama, akatulia, akainama na kuyatia kiganja.

"Mize!" akasema kwa mshangao. "Mbona ya moto?"

Ghuba nzima ikaangua kicheko. Mize alicheka mpaka akamwegemea mgeni wake ili asianguke.

"Ya moto?" akasema alipoweza kupumua. "Shoga yangu, hayo ndiyo yamepoa."